Orkesta laivu kwenye redio: kazi kubwa iko kwenye sauti ndogo

Watu wakijua kwamba narusha tamasha za orkesta laivu kwenye redio, swali la kwanza huwa ni natumia maiki ngapi na ni za aina gani. Maiki ni muhimu, sikatai, lakini kinachonikosesha usingizi ni sauti ndogo. Ile sehemu violini zinanong'ona na ukumbi mzima umetulia, halafu msikilizaji wangu saa hiyo yuko wapi? Yuko ndani ya taksi imekwama kwenye jam ya kutoka Wandegeya hapa Kampala, ama ni askari getini na karedio kake ka betri, ama mtu yuko jikoni mafuta yanachemka na watoto wanapiga kelele. Hao ndio watu wangu na mimi nataka hiyo violini iwafikie.

Hesabu yenyewe iko hivi. Orkesta kubwa, ukitoka kwenye sauti yake ndogo kabisa mpaka pale tarumbeta na timpani (zile ngoma kubwa) zinapofunguka, tofauti inaweza kufika desibeli 60 na zaidi, desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti. Sasa ndani ya gari linalotembea kelele peke yake iko kama 70, na hakuna mtu atapandisha redio ipite 95 hivi, kwa hiyo nafasi unayobaki nayo ni desibeli 25 tu na muziki wote unatakiwa uingie humo. FM nayo ina dari yake, masafa ya mawimbi hayaruhusiwi kuyumba zaidi ya kilohezi 75 kila upande, na sauti nyembamba kama za matoazi huwa zinaongezwa nguvu kabla ya kurushwa ili redio ya msikilizaji izipunguze pamoja na ule mchakacho wa hewani, ndiyo maana matoazi yanagonga dari mapema kuliko unavyodhani.

Stesheni nyingi zina mashine inayosawazisha sauti kabla ya transmita, na imesetiwa kwa ajili ya matangazo na miziki ya klabu. Orkesta ikipita hapo inaharibika kabisa. Violini zikishuka mashine inafikiri kuna tatizo, inapandisha kila kitu, unaanza kusikia viti vinalia, feni, mtu anakohoa huko nyuma, halafu ala za shaba kama tarumbeta zikiingia inakandamiza kwa nguvu na ule mlipuko ambao mtunzi aliujenga kwa dakika nzima unatoka bapa. Mimi huomba mashine izimwe, ibaki tu limita ya mwisho ya kulinda transmita, na kazi ya kupandisha na kushusha ifanywe na mkono wa mtu anayesoma nota.

Hii si kitu nimebuni. BBC ilichukua Proms, zile tamasha za kila mwaka za London, mwaka 1927, na mafundi wao wa enzi hizo walikuwa wanakaa na nota mbele yao mkono ukiwa kwenye kitufe cha kupandisha na kushusha sauti. Chukua simfoni ya tano ya Beethoven, pale sehemu ya tatu inapoungana na ya nne bila kusimama. Nyuzi zimeshuka kabisa, timpani inagonga polepole mno, unaweza kudhani muziki umeisha, halafu baa chache tu (vipimo vya muziki) za kupanda na unapasuka mwanga wote, tromboni zinaingia kwa mara ya kwanza kwenye simfoni nzima. Hapo mimi naanza mapema sana, naongeza kidogo kidogo wakati muziki wenyewe unashuka, labda desibeli sita au nane, taratibu mpaka hakuna anayenotisi, na kabla ya ile kupanda kuanza naanza kurudi chini vilevile polepole. Kwa hiyo mlipuko ukifika una nafasi yake yote na askari wetu getini anaruka kwenye kiti. Ukisubiri mlipuko ufike ndiyo ushushe umeshachelewa, msikilizaji anasikia mkono wako badala ya kusikia Beethoven!

Halafu kuna ile programu ya stesheni inayolinda kimya. Redio ikinyamaza sekunde kadhaa yenyewe inaruka kwenye kompyuta na kuweka wimbo. Nimeona stesheni moja ikirusha tangazo la sabuni katikati ya pumziko la simfoni. Mtunzi Mahler kwenye simfoni yake ya pili ameandika kabisa kwamba baada ya sehemu ya kwanza kuwe na pumziko la angalau dakika tano, sasa fikiria. Ongea na watu wa studio mapema, kitu hicho kizimwe au muda wake urefushwe, na maiki za ukumbini zisifungwe, kimya cha ukumbi wenye watu kina uhai wake na msikilizaji anajua bado yuko ndani.

Maiki basi, kwa kifupi. Wasikilizaji wengi hapa wana spika moja tu, simu au redio ndogo, kwa hiyo kila kitu nakisikiliza kwanza kwa mono, yaani sauti zote zimeunganishwa kuwa moja. Maiki mbili zikiwa mbali mbali ukiziunganisha kuna sauti zinakulana, kwa hiyo nafurahia zaidi mtindo wa ORTF, lililokuwa shirika la utangazaji la Ufaransa, maiki mbili zikiachana sentimita 17 na pembe ya digrii 110, juu na nyuma kidogo ya mwongozaji. Ukiongeza maiki karibu na fluti iliyo mita 10 kutoka hizo kuu, icheleweshe kama milisekunde 30, la sivyo fluti itafika mbele ya orkesta yake.

Na kama orkesta imechanganya na amadinda, zile marimba za mbao za Baganda, ambayo napenda sana, usiweke maiki upande mmoja. Wapigaji wanakaa wakitazamana, mmoja anaanza na mwingine anajaza katikati, na wa tatu anafuata kwenye vibao viwili vya mwisho, melodi inazaliwa pale mikono inapokutana. Maiki iwe juu katikati, na uache nafasi kubwa kwenye mita ya kupimia sauti kwa sababu pigo la kijiti kwenye ubao ni kali na la haraka, mita nyingi hazilioni.

Njia ya kupeleka sauti studio ziwe mbili, faiba na laini za simu za mitandao tofauti, na vifaa vyote viwe kwenye UPS, ile betri ya akiba, maana jenereta huchukua sekunde kuwaka. Mvua kwenye mabati hakuna maiki inaishinda, kwa hiyo mtangazaji aiseme tu, awaambie watu mvua imefika Kampala, muziki unaendelea.

Mameneja wa vipindi, naomba kitu kimoja. Simfoni haijui saa. Ikifika saa tatu kamili na mwongozaji bado ana kurasa nne, taarifa ya habari isubiri, halafu makofi yaachwe yapigwe mpaka yaanze kupungua ndipo mtangazaji afungue mdomo. Na nota nipeni wiki moja kabla, nahitaji muda wa kuziwekea alama na penseli.