Uzoefu mnaouficha kwenye CV

Mwaka juzi nilikuwa kwenye jopo la usaili wa mtunza stoo hapa Dodoma mjini. Akaingia binti mwenye stashahada, tukamwambia ajieleze. Akaanza kama wanavyoanza karibu wote: jina, alikozaliwa, ni mtoto wa ngapi kwao, shule ya msingi hadi chuo. Sehemu ya uzoefu kwenye CV yake ilikuwa na mstari mmoja: "Mchapakazi, ninayeweza kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo."

Nikamuuliza, "Tangu umalize chuo unafanya nini, dada?"

"Nipo tu nyumbani, namsaidia mama." Na mama? "Ananunua mahindi Kibaigwa."

Hapo ndipo usaili ulipoanza. Kumbe kwa misimu miwili yeye ndiye aliyeshika daftari: gunia lililoingia, kilo zake, lilikotoka, lilikouzwa, nani bado anadaiwa. Akatueleza alivyombembeleza mama yake aache kununua kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Lumbesa moja ilikuwa na kilo 118, nyingine 131, na hesabu ya stoo ilikuwa haifungi kamwe. Akiongea, kidole chake kilikuwa kinachora safu za lile daftari juu ya meza yetu. Kazi aliipata. Ila angeikosa kama swali lile lisingeulizwa, na mara nyingi haliulizwi.

Nimefanya kazi ya rasilimali watu miaka 14 na jambo hili linaniuma. Vijana wengi wanaamini uzoefu ni ule tu wenye barua ya ajira. Umekuwa mweka hazina wa kikoba? Umesimamia vibarua msimu wa zabibu? Iandike: ulifanya nini, wapi, muda gani, kiasi gani. Yule binti angeandika hivi: "Nimetunza kumbukumbu za ununuzi na uuzaji wa mahindi, Kibaigwa, misimu miwili, kupima, kuandika na kufunga hesabu kila jioni." Mstari huo unamwambia mwajiri mengi kuliko "mchapakazi" kumi. Usitie chumvi, maana jopo litachimba.

Barua ya maombi iwe ukurasa mmoja, na aya ya kwanza itaje nafasi unayoomba na kazi uliyowahi kufanya inayokaribiana nayo. Tafadhali usiokote barua iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya stesheneri. Nimewahi kupokea barua tano za watu tofauti zenye kosa lilelile la tahajia, mahali palepale.

Kwa kazi za serikali zinazopitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, soma tangazo neno kwa neno. Majina kwenye kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule yanatakiwa kulingana. Yakitofautiana, shughulikia mapema hati ya kisheria ya majina (deed poll), usisubiri wiki ya mwisho. Hati ya matokeo haichukui nafasi ya cheti. Wadhamini wawe watatu, wenye simu zinazopatikana, na uwape taarifa kwamba umewataja. Siku ya usaili unakwenda na vyeti halisi na kitambulisho, na nauli, chakula na malazi ni juu yako. Anayetoka Kondoa au Mpwapwa ajitahidi kulala mjini siku moja kabla.

Ukishaitwa, jizoeze kwa sauti. Mwombe kaka au dada yako achague mstari mmoja kwenye CV yako kisha akuulize: Ulifanyaje? Ulijuaje kwamba umepatia? Ilipokwama ulifanya nini? Hilo la tatu ndilo linalowashinda wengi, kwa sababu wanadhani kukiri kwamba mambo yaliwahi kukwama kutawaharibia. Yule binti alituambia wiki moja magunia manne hayakuonekana kwenye hesabu. Alirudi kuhesabu upya gunia kwa gunia, akakuta yaliandikwa kwa jina la mkulima mwingine, akampigia simu mkulima yule usiku uleule.