Baridi ya Arusha haiui betri

Kila Juni na Julai, gari likigoma kuwaka asubuhi huko Sakina au Njiro, utasikia: "Baridi imeua betri, nunua nyingine." Si kweli. Baridi huipunguzia betri nguvu kwa muda tu na kuifanya oili iwe nzito, ndipo udhaifu wa siku nyingi unajitokeza. Kinachoichakaza hasa ni joto: maji hukauka, sahani za ndani huliwa. Betri inayogoma Julai huenda ilianza kuumia Februari, kwenye jua la Moshi.

Tafadhali usitoe hela kabla ya kupima. Gari likiwa limelala usiku kucha, mita ya volti ikiwekwa kwenye betri isome 12.6 hivi. Ikiwa chini ya 12.2, betri ichajiwe kwanza, kisha ipimwe ikiwa na mzigo wa umeme. Injini ikiwaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.5, isipofika hapo, mshukiwa wa kwanza ni oltaneta, kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka, na betri mpya nayo utaizika. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji ya moto yenye magadi, vifuniko vikiwa vimefungwa. Maji yakipungua, ongeza yaliyochujwa madini yote. Ya bomba hapana, na asidi ndiyo kabisa usiongeze.