Je, Wajua? Kwa Nini Zahanati Isiyo na Mgonjwa wa Mlipuko Hutakiwa Kutuma Taarifa ya Sifuri

Kila wiki inapofungwa, mganga mfawidhi wa zahanati ya kijijini nchini Tanzania huwa na deni la taarifa kwa ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya: amewaona wagonjwa wangapi wenye dalili za magonjwa yaliyoorodheshwa kufuatiliwa, na wangapi kati yao wamefariki. Siku hizi taarifa hiyo hutumwa kwa simu ya mkononi. Hata kama wiki nzima hakuja mtu mwenye surua, kipindupindu wala homa ya uti wa mgongo, haruhusiwi kunyamaza. Anatakiwa kujaza 0 mbele ya kila ugonjwa. Kwa asiyeijua kazi hiyo, jambo hili huonekana kuwa urasimu mtupu. Kwa mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa aliyeko wilayani, hata hivyo, sifuri na ukimya havilingani hata kidogo. Sifuri maana yake ni kwamba kuna mtu aliyefungua rejesta, akapitia majina, asikute kitu. Ukimya unaweza kumaanisha kuwa mtandao umekatika, kuwa mhudumu yuko likizo, au kuwa kituo kimeelemewa na wagonjwa wa kuharisha kiasi kwamba hakuna aliyepata nafasi ya kushika simu.

Upo hata ugonjwa ambao sifuri zake zikizidi huzua shaka, nao ni polio. Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa Agosti 2020 kuwa haina tena kirusi cha polio ya asili, lakini msako haukusimama. Kinachosakwa katika wilaya si polio yenyewe, bali kila mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono wake umelegea ghafla. Kulegea huko kuna sababu nyingi, na wataalamu hutarajia kwamba katika kila watoto 100,000 wa umri huo, angalau mmoja kwa mwaka atapatwa na hali hiyo bila polio kuhusika. Kwa hiyo wilaya kubwa isiyompata hata mtoto mmoja mwaka mzima haipongezwi. Huulizwa kama kweli ilitafuta. Kila mtoto anayepatikana huchukuliwa sampuli mbili za choo, zikipishana kwa saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu alipolegea, na sampuli husafirishwa zikiwa zimehifadhiwa katika ubaridi hadi maabara.

Utaratibu huu wa kufuatilia magonjwa mengi kwa mfumo mmoja ulipitishwa na nchi za Kanda ya Afrika mwaka 1998. Yako magonjwa yanayoweza kusubiri hesabu ya wiki, na yako yale ambayo taarifa yake hutakiwa ndani ya saa 24, kama vile kipindupindu, tauni, Ebola na Marburg (ugonjwa wa kirusi wa jamii moja na Ebola), ambapo mgonjwa mmoja tu anayehisiwa anatosha kuamsha wilaya nzima. Idara inayopokea taarifa hiyo iko chini ya halmashauri, na kwa njia hiyo chini ya TAMISEMI, yaani ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, kwa mambo ya watumishi na fedha, huku miongozo ya kitaalamu ikitoka Wizara ya Afya. Nchini Kenya kazi kama hiyo iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Wananchi wengi humjua bwana afya kwa sura moja tu, ya mtu anayekuja kukagua vyoo na kumfungia mama lishe biashara yake. Ni sura halisi, na sheria humpa mamlaka hayo, lakini nadhani inaficha sehemu kubwa zaidi ya kazi, ambayo ni kuorodhesha watu na kuhesabu siku.

Kagera inatoa mfano ulio wazi. Machi 16, 2023 serikali ilitangaza kwamba katika Wilaya ya Bukoba kulikuwa na ugonjwa usiojulikana uliokuwa umewapata watu 7, na 5 kati yao walikuwa wamefariki. Machi 21 vipimo vya maabara ya taifa vilithibitisha kuwa ni Marburg, ugonjwa ambao Tanzania haikuwahi kuuripoti kabla ya hapo, na ambao haukuwa na chanjo wala dawa maalumu iliyoidhinishwa. Mmoja wa waliofariki alikuwa mhudumu wa afya. Siku hiyo ya kuthibitishwa, watu 161 waliokuwa wametangamana na wagonjwa walikuwa tayari wametambuliwa na kuanza kufuatiliwa.

Orodha kama hiyo huanza kwa maswali ambayo familia iliyofiwa haipendi kuyasikia: nani alilala chumba kimoja na marehemu, nani aliosha mwili, nani alifua shuka, nani alimbeba kumpeleka hospitalini, na huko hospitalini nani alimpokea. Kila jina linapoandikwa, huandikwa pia tarehe ya mwisho ambayo mtu huyo alikutana na mgonjwa, kwa kuwa hesabu ya siku 21 huanzia hapo na si siku alipoingizwa kwenye orodha. Akikutana tena na mgonjwa mwingine, hata kama alikuwa amebakiza siku mbili amalize, hesabu huanza upya. Kila siku mfuatiliaji humpima joto na kumuuliza kuhusu kuumwa kichwa, kutapika na kuharisha. Siku 21 zimetokana na muda mrefu zaidi ambao kirusi hicho huweza kukaa mwilini kabla ya dalili kujitokeza. Kazi yenyewe inachosha, haina cha kupiga picha, na hutegemea mambo madogo kama mafuta ya pikipiki na ukarimu wa mwenye nyumba. Ndipo mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao familia inawajua kwa majina, wanapokuwa na thamani kuliko mgeni aliyevaa mavazi ya kujikinga.

Mlipuko wa Bukoba ulitangazwa kumalizika Juni 2, 2023, ukiwa umewapata watu 9, na 6 kati yao wakafariki. Tangazo la namna hiyo hutolewa tu baada ya siku 42 kupita bila mgonjwa mpya, yaani vipindi viwili vya siku 21, ili hata mnyororo wa maambukizi ambao haukuonekana upate muda wa kujitokeza.

Chini ya miaka miwili baadaye Marburg ulirudi mkoani humo humo, safari hii Biharamulo, ukatangazwa Januari 20, 2025 na kumalizika Machi 13. Watu 10 walihesabiwa kuugua na wote walifariki. Ni 2 tu waliothibitishwa kwa vipimo vya maabara; vifo 8 vilikuwa vimetokea kabla mlipuko haujathibitishwa. Nikizilinganisha hesabu za wilaya hizi mbili, tofauti inayonishughulisha zaidi ni ile ya muda uliopita kati ya mgonjwa wa kwanza na simu ya kwanza kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.

Kipindupindu huhitaji mbinu nyingine kabisa. Dalili zake hujitokeza kati ya saa chache na siku 5, na wengi walioambukizwa hawaugui ingawa vimelea hutoka kwenye kinyesi chao. Hivyo kuwafuatilia watu peke yake ni sawa na kumfukuza aliyekwisha kupita. Idara hutibu wagonjwa kwa maji yenye chumvichumvi, hupulizia dawa vyoo vyao, kisha hugeukia maji ya kunywa. Afisa afya huchota maji kwenye kichupa, hudondosha kidonge cha kupimia, na kusubiri rangi. Maji yenye klorini iliyobaki hugeuka waridi, na kadiri klorini inavyokuwa nyingi ndivyo rangi inavyokolea. Yasiyo nayo hubaki meupe. Wakati wa mlipuko, bombani hutakiwa kukutwa angalau miligramu 0.5 kwa lita, na nyumbani angalau 0.2. Klorini hupungua kadiri maji yanavyokaa na kila mkono au kata chafu inapozamishwa ndani yake, na kwa sababu hiyo afisa afya haridhiki na kipimo cha bombani, bali huomba pia kuoneshwa ndoo iliyoko ndani ya nyumba, ile ambayo watoto huchota.