Akili mnemba katika picha za moyo kwa wagonjwa wa saratani: maana yake

Mgonjwa wa saratani anaweza kupimwa moyo mara nyingi ndani ya mwaka mmoja hata kama hajawahi kuugua moyo. Baadhi ya dawa zinazoua seli za saratani huumiza pia msuli wa moyo. Doksorubisini, ile dawa nyekundu inayoingizwa kwa dripu, ndiyo inayojulikana zaidi kwa madhara hayo, na hatari yake hufuata jumla ya dozi zote alizopata mgonjwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba wagonjwa 5 kati ya 100 hupatwa na moyo kushindwa kufanya kazi wakifikisha miligramu 400 kwa kila mita ya mraba ya mwili, na 26 kati ya 100 wakifikisha miligramu 550. Trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa aina moja ya saratani ya matiti, hudhoofisha moyo kwa njia nyingine, na mara nyingi moyo hurudia nguvu zake dawa ikisimamishwa. Mionzi inayoelekezwa kifuani nayo hugusa mishipa inayoulisha moyo wenyewe.

Kutumia akili mnemba (wengine huiita akili unde) katika picha hizi maana yake ni kuikabidhi kompyuta, baada ya kuifunza kwa maelfu ya picha, kazi ya kutambua mipaka ya moyo, kupima nguvu zake na kulinganisha kipimo cha leo na cha awali. Haitibu wala haiamui dawa.

Kwa nini kazi hiyo ikabidhiwe kompyuta? Tazama kwanza inavyofanywa kwa mkono. Katika kipimo cha eko, yaani picha za moyo zinazopigwa kwa mawimbi ya sauti, mgonjwa hulalia ubavu wa kushoto. Mtaalamu hupaka jeli, akakandamiza kifaa kati ya mbavu na kukigeuzageuza mpaka chumba cha chini cha kushoto cha moyo kionekane kwenye skrini: giza lenye umbo la yai, limezungukwa na ukuta wa kijivu unaojikunja na kukunjuka. Anaisimamisha video chumba kikiwa kimejaa damu, anachora ukingo wake kwa kishale. Anaisogeza mpaka chumba kiwe kimejikamua, anachora tena. Kutokana na michoro hiyo hupatikana asilimia ya damu iliyosukumwa nje kwa pigo moja, ambayo kwa moyo mzima huwa zaidi ya 50.

Shida iko kwenye ule ukingo. Upande wa ndani wa ukuta una vijinyama vinavyochomoza, na kivuli cha ubavu hufunika sehemu. Mchoraji mmoja hupita ndani kidogo ya ukingo ule, mwenzake hupita nje kidogo, na wote wawili ni mafundi wazuri.

Sasa tuseme mama mmoja alikuwa na asilimia 62 kabla ya matibabu, na baada ya miezi 3 ana 54. Moyo umeshuka? Huenda. Lakini kwa eko ya kawaida, vipimo viwili vya moyo uleule vinaweza kupishana kwa takriban pointi 10 bila moyo kubadilika hata kidogo, na kushuka kwa pointi 10 au zaidi mpaka chini ya 50 ndicho kigezo kinachotumiwa sana kusema kwamba dawa imeugusa moyo. Kuyumba kwa kipimo ni kukubwa sawa na badiliko lenyewe linalotafutwa. Daktari akikosea upande mmoja, dawa inayomwokoa mgonjwa inakatizwa bure. Akikosea upande wa pili, moyo unaendelea kuumia kimyakimya. Kuchelewa kuna gharama: utafiti wa Italia uliotoka mwaka 2010, uliofuata wagonjwa walioumizwa moyo na dawa za kundi la doksorubisini, ulikuta kwamba asilimia 64 ya walioanzishiwa dawa za moyo ndani ya miezi 2 baada ya kumaliza kemo (tiba ya dawa za saratani) walipona kabisa. Walioanzishiwa baada ya miezi 6, hakuna hata mmoja aliyepona kabisa.

Hapo ndipo ninapoona thamani halisi ya akili mnemba, na si katika werevu wake. Haichoki, na mkono wake haubadiliki. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha programu iitwayo EchoNet-Dynamic, iliyotengenezwa kwa video 10,030 za eko. Badala ya picha mbili zilizosimamishwa, huchora chumba cha moyo katika kila picha ya video na kupima pigo baada ya pigo. Ukiipa video ileile mara mia, utapata jibu lilelile mara mia. Mwaka 2023 ilipimwa dhidi ya mafundi wa eko kwa vipimo 3,495, huku madaktari wa moyo waliokagua majibu wakifichwa ni lipi la mashine na lipi la mtu. Walilazimika kurekebisha kwa kiasi kikubwa asilimia 16.8 ya majibu ya mashine, na asilimia 27.2 ya majibu ya mafundi.

Programu za namna hii hupima pia jinsi msuli unavyofupika kila moyo unapopiga. Kipimo hicho huanza kushuka kabla asilimia ya damu haijashuka, kwa hiyo kwa mgonjwa wa saratani ndicho kengele ya mapema. Kikipungua kwa zaidi ya asilimia 15 ya kilivyokuwa mwanzo, mfano kutoka 20 hadi 16, madaktari huanza kuwa macho.

Eko si mahali pekee. Mgonjwa anayeandaliwa kwa tiba ya mionzi hupigwa picha za CT (eksirei za mwili tabaka kwa tabaka) ili mionzi ipangwe, na ndani ya picha hizo moyo umo. Akili mnemba inaweza kuuchora moyo kwa haraka ili mionzi iukwepe, na hilo si jambo dogo: utafiti wa mwaka 2013 kwa wanawake waliotibiwa saratani ya matiti ulionyesha kwamba kila grei 1 (kizio cha kupimia mionzi) ya wastani wa mionzi inayofika moyoni huongeza hatari ya matukio makubwa ya mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4. Picha hizohizo huonyesha pia chokaa iliyoganda kwenye mishipa ya moyo, na programu huweza kuihesabu bila mgonjwa kupigwa picha nyingine.

Hata hivyo mashine inajua kile tu ilichofunzwa. Mwanamke aliyekatwa titi la kushoto ana kovu palepale kifaa kinapowekwa, na aliyewekewa titi bandia ana kizuizi kingine. Ikiwa picha za watu kama hao zilikuwa chache katika mafunzo, namba itatoka ikionekana safi na huku imekosea. Ile EchoNet-Dynamic ilipishana na wataalamu kwa wastani wa pointi 4 hivi katika hospitali ilikofunzwa, na pointi 6 ilipopelekewa video za hospitali nyingine. Tena kuna mambo yasiyoonekana kwenye picha. Mgonjwa aliyetapika siku tatu mfululizo baada ya kemo amepungukiwa maji, na moyo wake hupiga tofauti. Muuguzi analijua hilo kwa kumtazama midomo. Programu haijui.

Kulinganisha nako kunahitaji pa kuanzia. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2022 unataka kila mgonjwa apimwe eko kabla ya dozi ya kwanza ya doksorubisini au trastuzumabu. Ukienda kupimwa, omba video zenyewe zihifadhiwe, si karatasi ya majibu peke yake. Karatasi ina namba ya mtu mmoja ya siku moja. Video ya leo inaweza kupimwa upya mwakani, pamoja na ile mpya, kwa mkono uleule.