Weusi wa vikombe vya Ugiriki ya kale haukutokana na rangi

Wageni wengi wanaotazama vyombo vya udongo vya Athens ya kale huamini kwamba picha zake nyeusi zilipakwa rangi. Sivyo. Weusi na wekundu ule unatokana na udongo mmoja, wenye madini mengi ya chuma. Kilichoutofautisha ni moto.

Mfinyanzi alikoroga udongo majini, akauacha utuame, kisha akachukua zile chembe laini kabisa. Mchoraji alizitumia kuchorea kabla chombo hakijachomwa. Mchoro haukutofautiana sana na udongo wa chini yake, kwa hiyo alihitaji jicho na mkono wenye uzoefu mkubwa. Tanurini, kwanza hewa iliachwa iingie, chombo kikawa chekundu. Joto lilipokaribia nyuzi 900 za Selsiasi, matundu yakazibwa na kuni mbichi zikatiwa. Oksijeni ilipopungua, chombo chote kikageuka cheusi, na sehemu zilizochorwa zikashikana kama kioo. Matundu yalipofunguliwa tena, udongo mtupu ulirudia wekundu wake, lakini hewa haikupenya pale palipochorwa. Pamebaki peusi mpaka leo.

Ukipata nafasi ya kutazama kikombe kimoja tu, ningekuchagulia cha Exekias, mfinyanzi na mchoraji wa Athens, kilichotengenezwa karibu mwaka 530 KK, ambacho sasa kipo Munich, Ujerumani. Ni kipana, sentimita 30 hivi, chenye mguu na vishikio viwili. Ndani yake Dionysos, mungu wa mvinyo, amejinyoosha kwenye merikebu yenye tanga jeupe. Mzabibu umepanda mlingoti na kuzaa vishada saba, na pomboo saba wanaogelea kuizunguka. Nje yamechorwa macho makubwa. Mnywaji alipokiinua, wenzake waliona uso unaowakodolea, na yeye, kadiri mvinyo ulivyopungua, ndivyo merikebu ilivyozidi kumfunukia. Nyuma ya kioo cha makumbusho utamu huo haupo, ndiyo maana nasisitiza ukitazame ukifikiria kwamba kiko mkononi mwako.

Kilifukuliwa Vulci, Italia. Waetruski, watu wa kale wa Italia ya kati, walinunua vyombo vya Athens kwa wingi na kuvizika pamoja na wafu wao, hivyo vingi vikanusurika vikiwa vizima. Karne ya 18 wasomi wengi wa Ulaya walidhani ni kazi ya Waetruski wenyewe. Maandishi ya Kigiriki yaliyomo juu ya vyombo hivyo yalisaidia kuthibitisha kwamba mafundi wake walikuwa Wagiriki.