Mwili mnene na mifupa inayolika

Mama mmoja muuza dagaa wa Kibirizi aliteleza kwenye mbao zilizolowa akaangukia kiganja. Mfupa ukavunjika juu kidogo ya kifundo cha mkono. Nilipomwambia huenda ana osteoporosisi, yaani mifupa iliyolika ikawa dhaifu, akajishika kiuno: "Daktari, mimi na mwili huu?"

Hapa Kigoma swali hilo nalisikia sana, na lina msingi. Uzito huulazimisha mfupa kujiimarisha, na hedhi ikishakoma, mafuta ya mwili huendelea kutengeneza estrojeni kidogo, homoni inayozuia mfupa kulika ovyo. Waliokonda sana wako hatarini zaidi.

Ila seli za mafuta zina homoni zake pia. Leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na maabara ya Jeffrey Friedman kule New York, huujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Mwaka 2000 kundi la Gerard Karsenty likaonyesha jambo la ajabu: panya wasio na leptini, wanene kupindukia, wana pingili za mgongo zenye mfupa mwingi kuliko panya wa kawaida. Leptini ikipitia ubongoni huamsha neva zinazopunguza kasi ya seli zijengazo mfupa; ikizifikia seli hizo moja kwa moja, huzisaidia. Ndiyo maana simwamini anayesema mafuta ni mazuri au mabaya kwa mifupa, basi.

Mafuta ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yananitia wasiwasi. Hayo humwaga kemikali za uvimbe kama TNF na interleukini-6, zinazochochea seli zinazobomoa mfupa. Kwa hiyo kliniki sitosheki na mizani. Napima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani.

Halafu kuna uboho, ule ute laini ulio ndani ya mfupa. Humo seli mama moja inaweza kuwa seli ya mfupa au ya mafuta. Uzee na kupungua kwa estrojeni huielekeza kwenye mafuta. Njaa kali nayo hufanya hivyo, hata mtu akikonda kwa nje. Pioglitazoni, dawa ya kisukari, huisukuma huko huko, na wanawake wanaoitumia huvunjika zaidi. Ukiwa unaitumia usiiache mwenyewe. Mwulize daktari wako.

Yule mama nilimwambia apunguze tumbo taratibu, asijinyime chakula, kwa sababu kukonda ghafla huondoka na mfupa. Atembee, abebe mizigo ya kiasi. Na dagaa wake aendelee kuwala na miiba yao, kalsiamu iko humo.