Mpira mbichi, mpira ulioiva

Wapo mafundi pancha hapa Dar ambao bado hawategemei gundi. Hubandika kipande cha mpira mbichi juu ya tundu, wakaibana tyubu kwenye chuma cha moto, wakasubiri. Mteja hudhani kiraka kinayeyushwa ili kishike. Hakiyeyuki, kinaiva.

Neno hilo nimelichagua makusudi. Utomvu unaogemwa kwenye mashamba ya Kihuhwi, Muheza, au Kalunga kule Kilombero, ukigandishwa na kukaushwa, hutoa mpira mbichi, nao ni kitu cha kuudhi. Kwa jua la Februari la hapa kwetu unalainika na kunata mikononi. Kwenye baridi kali unakakamaa. Ukiuvuta na kuushikilia kwa muda, haurudi wote ulikotoka. Molekuli zake ni kamba ndefu mno zilizolala ovyo kama tambi kwenye sahani. Hazijafungwa pamoja, basi zinateleza.

Moto peke yake ungezidi kuulainisha. Inatakiwa salfa, nayo huwa imeshachanganywa ndani ya kile kiraka cha fundi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear, aliyekwisha hangaika miaka mingi na madeni juu, aliona mchanganyiko wa mpira na salfa ukipata moto haukuyeyuka, bali ulikaza kama ngozi. Alipata hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi wake, mwaka 1844, akafa mwaka 1860 angali anadaiwa. (Kampuni ya matairi yenye jina lake ilianzishwa 1898, hakuionja hata senti yake.)

Kiwandani, joto la nyuzi za Selsiasi 140 hadi 180 hivi huifanya salfa ijenge madaraja kati ya kamba na kamba. Huko ndiko kuiva. Sasa ukiuvuta mpira, kamba zinanyooka, ukiuachia madaraja yanazirudisha. Kipimo ndicho kinachoamua utapata nini: kilo moja hadi tatu za salfa kwa kilo 100 za mpira hutoa mpira wa kunyumbuka, zikifika 30 au zaidi unapata eboniti, kitu kigumu kilichowahi kutengenezewa maboksi ya betri za magari. Ule weusi wa tairi si wa salfa, ni masizi yanayoongezwa ili lisilike upesi. Na mpira wa asili ukisahauliwa motoni, madaraja huanza kukatika, unalegea tena.

Kwa sababu ya madaraja hayo, tairi kuukuu haliyeyushwi likamiminwa upya kama ndoo ya plastiki. Ukilichoma unapata moshi mweusi tu. Ndiyo maana fundi wa katambuga, vile viatu vya matairi, hana jiko wala sufuria; ana kisu kikali na misumari.